Mbegu za Kabete, sufuria za Kisumu Ndogo

Mnunuzi wa maharagwe Kisumu Ndogo huuliza mambo mawili kabla ya kutoa pesa: gorogoro ni ngapi, na je, yanaiva upesi? La bei hujibiwa papo hapo. La pili huleta ubishi. Muuzaji ataokota punje, aipasue kwa jino, aapie kwamba ni ya msimu huu, ataje na soko alikoyatoa. "Mama, haya hayajalala." Mnunuzi naye atayageuzageuza kiganjani akitafuta yaliyokunjamana au kufifia rangi, kwa sababu anajua maharagwe yaliyokaa sana ghalani yatamlia makaa.

Nairobi ina Kisumu Ndogo zaidi ya moja, ile ya Kibera ikiwamo, na huko, kama ilivyo Kawangware, maharagwe ni chakula cha karibu kila siku. Kuna madondo kwa chapati asubuhi, githeri mchana, na jioni maharagwe ya kukaanga kwa kitunguu na nyanya, ya kulia wali au ugali. Shida ni kuyachemsha. Maharagwe makavu yasiyolowekwa yanaweza kukaa motoni saa mbili hadi tatu, na mwenye chumba kimoja cha mabati na jiko moja hawezi kumudu saa hizo kila siku. Kuloweka nako kunataka maji, na maji hununuliwa kwa mtungi. Ndiyo maana kina mama wa vichochoroni huinjika sufuria kubwa nje ya mlango, wakachemshia mtaa mzima, na majirani hununua yaliyokwisha kuiva ili wakayaunge nyumbani.

Biashara hiyo ina hesabu kali. Faida ya mwenye sufuria imo ndani ya makaa. Maharagwe yakikataa kuiva kwa wakati, faida yote imeungua. Serikali iliposimamisha ukataji miti misituni Februari 2018, makaa yalipanda bei jijini, na kabla mwaka huo haujaisha mafuta taa nayo yakaongezewa tozo mpya. Wanaochemsha walibaki na njia chache: kupunguza kipimo, kupandisha bei, au kutia magadi zaidi. Magadi hulainisha ganda, lakini hubadilisha ladha na kuharibu baadhi ya vitamini B ambazo mlaji alikuwa akizitegemea kutoka kwenye maharagwe hayo hayo.

Kutoka Kawangware hadi Kabete ni mwendo mfupi wa matatu. Huko Kabete ndiko Chuo Kikuu cha Nairobi na shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, wana mashamba na maabara, na huko zimezaliwa baadhi ya mbegu za maharagwe zinazopandwa nchini. Lakini kihistoria safari hiyo fupi imechukua karibu nusu karne. Kwa muda mrefu uzalishaji wa mbegu za maharagwe nchini uliongozwa na maswali ya shamba: mavuno, magonjwa, mvua. Swali la sufuria lilichelewa kupewa uzito wake, na leo joto linapoongezeka maswali hayo hayawezi kutenganishwa tena.

Maharagwe tunayoyaita ya kienyeji yalikuja kutoka mbali. Asili yake ni bara la Amerika, tena sehemu mbili: Meksiko na Amerika ya Kati, yalikotoka mengi ya punje ndogo, na milima ya Andes, yalikotoka ya punje kubwa kama yale mekundu yenye madoa tunayoyapenda Kenya. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta pwani yetu kuanzia karne ya 16. Yalikuta kunde, mbaazi na njahi zikiwa na wenyewe. Kwa Wakikuyu njahi ilikuwa chakula cha heshima, hasa kwa mama aliyejifungua, na mbegu zilitunzwa na wanawake. Waliyapokea maharagwe mageni wakayachanganya: meusi, mekundu, ya manjano, yenye madoa, yote katika shamba moja. Mtu asiyejua angeona fujo. Ilikuwa bima. Mvua ikikatika mapema, ya kukomaa haraka yalikuwa yameshafunga punje. Ikizidi, yenye kustahimili unyevu yalibaki.

Maofisa wa kilimo wa kikoloni hawakuipenda bima hiyo. Walitaka punje za rangi moja na ukubwa mmoja, za kuuzwa nje, wakasukuma aina kama Canadian Wonder na Rosecoco huku njahi na mchanganyiko wa kina mama vikidharauliwa. Mwanahistoria Claire Robertson, aliyechunguza biashara ya wanawake katika eneo la Nairobi, ameonyesha jinsi sera hizo zilivyogusa chakula na kipato cha wanawake waliokuwa wakileta maharagwe mjini kuuza. Mji ulipokua, soko nalo likajifunza kuchagua kwa rangi. Hilo limebaki hadi leo, na limewatesa wazalishaji wa mbegu kuliko ukame wenyewe: unaweza kutengeneza haragwe lenye nguvu kama chuma, lakini likiwa na rangi ambayo soko halina jina lake, litarudi na gunia lake.

Kazi ya kisayansi yenye mpango ilianza miaka ya 1970 pale Thika, kwenye kituo cha utafiti wa mboga na matunda, kupitia mradi wa mazao ya jamii ya kunde uliosaidiwa na Uholanzi. Herufi za mradi huo, GLP, zingali kwenye mifuko ya mbegu mpaka sasa. Watafiti walikusanya maharagwe ya wakulima, wakayapanda kando kando, wakachagua yaliyofanya vizuri na kuyasafisha. Kutoka hapo zikaja GLP 2, ambayo ni Rosecoco na wengi huiita Nyayo. GLP 24, yaani Canadian Wonder. GLP 585, maharagwe mekundu madogo ya Wairimu. GLP 1004, Mwezi Moja. Na GLP X92, Mwitemania. Hizi mbili za mwisho zilikusudiwa hasa sehemu zenye mvua chache.

Naziheshimu sana mbegu hizo. Zilitoka mikononi mwa wakulima wenyewe, zikarudi kwao zikiwa safi, na soko lilikuwa linazijua tayari. Nenda sokoni Makina, Kibera, au Kawangware leo uone majina mangapi kati ya hayo bado yanatajwa. Lakini Rosecoco ilichaguliwa katika hali ya hewa ya wakati ule. Mkulima aliyekuwa na hakika ya mvua ya vuli mwezi wa kumi sasa anapanda, anangoja, na mara nyingine anapanda tena. Ukame wa mwaka 1984, uliotufanya tule mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, ulichukuliwa wakati ule kama msiba wa mara moja. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilifululiza kukosekana katika sehemu kubwa za nchi.

Waliouona ukame kama kazi ya kila siku walikuwa Machakos, kituo cha Katumani. Watu wengi wanaijua Katumani kwa mahindi yake, lakini miaka ya 1980 na 1990 kituo hicho kilitoa pia maharagwe ya ukame: KAT B1, yenye rangi ya manjano inayoelekea kijani, KAT B9, KAT X56 na KAT X69. Mkakati wao ulikuwa kukimbia. Haragwe la Katumani halijaribu kushindana na jua. Linachanua mapema na kufunga punje wakati udongo bado una unyevu, na ardhi inapopasuka limekwisha kuvunwa. Ukambani mbegu hizo zimeokoa misimu mingi.

Magharibi mwa nchi janga lilikuwa jingine. Kakamega na Vihiga, ambako mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande na maharagwe hupandwa palepale kila msimu, kuoza kwa mizizi kulifyeka mimea miaka ya 1990. Hapo jibu lilitoka kwa majirani. KK 15, mbegu iliyotolewa na kituo cha Kakamega, ilitokana na maharagwe ya Mulungu, kituo cha utafiti karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo. Na KK 22 ilitoka Rwanda. KK 15 ni nyeusi tititi. Katika nchi inayonunua kwa rangi, ilikuwa karata ngumu. Lakini mkulima aliyepoteza shamba zima hakuwa na nafasi ya kuchagua rangi, na haragwe jeusi likaingia vyunguni mwa nyumba nyingi za Magharibi. Familia nyingi za Kisumu Ndogo zina kwao huko, na gunia dogo likitoka nyumbani kwa basi halichambuliwi kwa rangi.

Njia hizo za kupokeana mbegu zilipata mwavuli mwaka 1996, ulipoundwa muungano wa utafiti wa maharagwe wa Afrika, PABRA, ukiratibiwa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, CIAT, kilichokuwa na makao yake karibu na Cali, Kolombia. Mtafiti wa Kakamega, wa Kawanda nchini Uganda na wa Selian jijini Arusha waliweza sasa kupeana mbegu na matokeo bila kila mmoja kuanza upya.

Inafaa kueleza kazi yenyewe ilivyo, kwa sababu wengi hudhani mbegu mpya hutoka kwenye chupa. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe, kwa kawaida kabla halijafunguka. Anayetaka kuchanganya aina mbili lazima aliwahi. Hutafuta tumba litakalofunguka kesho yake, akalifungua kwa ncha ya kibano, akang'oa vishikio vyote kumi vya chavua bila kuugusa mdomo wa ua uliojificha katikati, kisha akaupaka chavua ya mmea wa pili na kufunga uzi wenye alama. Maua mengi hudondoka. Likishika moja, huzaa ganda lenye punje chache, na kutoka punje hizo huanza vizazi vya kupanda, kuchagua na kutupa, sita au saba, mpaka mmea uache kubadilika. Baadaye huja majaribio katika maeneo mbalimbali, halafu majaribio ya kitaifa chini ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, ndipo mbegu iidhinishwe. Mtoto aliyezaliwa siku ua lilipochavushwa anaweza kuwa darasa la nne mbegu inapofika dukani. Kwa hiyo anayezalisha mbegu leo anafanya kazi kwa ajili ya hali ya hewa ya miaka kumi ijayo, ambayo hajaiona.

Pale Kabete, Profesa Paul Kimani wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitumia miaka mingi katika kazi hiyo. Miaka ya 2000 zikatoka Miezi Mbili, Kenya Umoja, Kenya Wonder, Super Rosecoco na nyingine. Uamuzi wao ulikuwa wa busara: waliacha kupigana na soko kuhusu rangi. Walichukua rangi ambazo mama wa sokoni anazitambua, wakaweka ndani yake ukinzani wa magonjwa na kukomaa mapema. KALRO ikafuata njia hiyo hiyo katika muongo uliofuata kwa mbegu kama Angaza, Faida na Nyota. Nyota ni nyekundu yenye madoa, hukomaa kwa takriban miezi miwili, na imezalishwa iwe na madini mengi ya chuma na zinki. Kwa mtoto wa Kibera anayekula madondo mara nyingi kuliko nyama, madini hayo ni jambo kubwa.

Hata hivyo kukomaa haraka hakulitatui tatizo la joto. Haragwe ni mmea wa usiku wa baridi. Joto la usiku likizidi takriban nyuzi 20 za selisiasi, chavua yake hudhoofika, maua hudondoka, na ganda linalofungwa huwa na punje moja au mbili. Mkulima huona mmea wa kijani, mzuri, usio na kitu. Machi 2015 watafiti wa CIAT wakiongozwa na Steve Beebe walitangaza kwamba wamepata aina 30 zinazoweza kustahimili joto la hadi nyuzi nne zaidi ya kiwango cha kawaida cha maharagwe. Baadhi zilitokana na kuchanganya haragwe la kawaida na ndugu yake wa jangwani, tepari, linalolimwa tangu zamani na wenyeji wa mpaka wa Meksiko na Marekani. Ndugu hao hawaoani kwa urahisi. Mara nyingi kiini cha mbegu hufa mapema, na wataalamu hulazimika kukitoa na kukilea maabara. Walikuwa wamekadiria pia kwamba, bila mbegu za aina hiyo, ardhi inayofaa kwa maharagwe ingeweza kupungua kwa nusu ifikapo 2050.

Hapo ndipo narudi kwenye makaa. Joto halimalizi kazi yake shambani. Mahali haragwe linapokulia hubadilisha muda wa kuiva kwake. Halafu lipo ghala. Maharagwe yakikaa miezi kwenye joto na unyevu, kuta za seli zake hukazana na maji hayapenyi. Unaweza kuyachemsha nusu siku na bado yakalia kwenye meno. Kenya hailimi maharagwe ya kujitosheleza. Mengi huingia kwa malori kutoka Uganda, Tanzania na Ethiopia, yakakaa kwenye maghala, kisha kwenye vibanda vya mabati vinavyochemka mchana. Mbegu ikishinda ukame Machakos na isiive Kisumu Ndogo, gharama imehama tu kutoka kwa mkulima hadi kwa mpishi, na kutoka kwa mpishi hadi msituni makaa yanakochomwa.

Watafiti hawakulala kabisa. Kuna kifaa cha maabara, Kawanda wanacho, ambacho kila mpishi angekielewa mara moja. Ni sahani yenye mashimo 25. Katika kila shimo hukaa punje moja, na juu ya kila punje husimama sindano nzito ya chuma. Kifaa huteremshwa kwenye maji yanayochemka. Punje ikilainika, sindano huzama. Sindano 20 zikishazama, saa inasimamishwa, na huo ndio muda wa kuiva. Kwa kifaa hicho imethibitishwa mara kwa mara kwamba aina moja inaweza kuiva kwa muda ulio nusu tu ya muda wa nyingine, na kwamba tabia hiyo hurithiwa, hivyo inaweza kuchaguliwa kama mavuno yanavyochaguliwa. Baadhi ya maharagwe ya manjano huongoza. Mama wa Kawangware angekwambia hivyo bila sindano.

Katikati ya miaka ya 2010 KALRO na watafiti wa Uganda, kwa fedha za Kanada na Australia, walijaribu njia nyingine: maharagwe yaliyopikwa kiwandani na kukaushwa, ambayo huiva tena kwa dakika 10 hadi 15. Wazo zuri, ila kwa anayenunua chakula cha siku kwa pesa za siku, pakiti ya kiwandani iko mbali. Naona matumaini zaidi katika mradi ulioanza mwaka 2019 kwa msaada wa Australia ndani ya PABRA, wa kuzalisha kwa pamoja maharagwe yanayoiva haraka na yenye madini mengi, katika nchi sita: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Kwa mradi huo muda wa kuiva umewekwa mwanzoni mwa uzalishaji, pamoja na mavuno, badala ya kungojewa mbegu ikishakamilika.

Linalokosekana ni mpishi wa mjini kukaa mezani, na lipo la kuiga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Rwanda, mtafiti Louise Sperling na taasisi ya kilimo ya nchi hiyo waliwaita wanawake wanaosifika vijijini kwa kujua maharagwe, wakawaingiza kwenye mashamba ya majaribio mapema, aina zikiwa bado nyingi, wakawaachia wachague. Walizochagua, zilipopandwa kwenye mashamba yao, zilizaa vizuri kuliko zile ambazo wataalamu walikuwa wakiwachagulia. Wanawake wale walikuwa wanatazama vitu ambavyo daftari la mtafiti halikuwa na safu yake.

Wanaochemsha maharagwe Kisumu Ndogo wana ujuzi wa namna hiyo. Wanajua gunia lililopitia mpaka wa Busia linavyoiva likilinganishwa na la Namanga, aina inayotoa mchuzi mzito, inayopasuka kabla ya kuiva, inayowapa wateja gesi. Kwa sasa ujuzi huo hauna njia ya kufika Kabete, na jina la mbegu halina njia ya kufika kwao. Nyota na Rosecoco yote ni mekundu yenye madoa. Yakishamwagwa kwenye gunia moja njiani, mama anayepima gorogoro hana namna ya kuyatofautisha, na aliyelipa kwa ajili ya haragwe linaloiva upesi anapata mchanganyiko ambao nusu imeshalainika na nusu ni mawe. Basi kabla KEPHIS haijaidhinisha mbegu nyingine, ningependa magunia machache yaletwe Makina na Kawangware, kila aina peke yake na jina lake juu, yapimwe kwa makaa ya mtaani na maji ya mtungi, na muda wa kuiva utakaopatikana huko uandikwe kwenye mfuko wa mbegu, kando ya mavuno kwa ekari.